Mkeka, Mlo na Mji: Manfaa ya Uzuri ni ya Nani?

Swali la kama uzuri wa kitu umo ndani ya kitu chenyewe, au hutimia pale tu kinapowakutanisha watu, linaweza kuchunguzwa kupitia mkeka wa ukindu unaosukwa na wanawake wa Rufiji nchini Tanzania, wakiwemo wa Chumbi na vijiji jirani, kwa kuwa hiyo ni sanaa iliyokusudiwa kukaliwa. Majani machanga ya mkindu huanikwa, huchanwa kuwa chane, yaani vipande vyembamba, na baadhi hutiwa rangi kabla ya kusukwa ukili, ambao ni utepe mrefu unaoshonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka ukamilike. Juu yake wazee hupokea posa, wageni hutandikiwa chakula, na waumini huswali.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, alishikilia kwamba anayeuhukumu uzuri huweka kando haja ya kukimiliki au kukitumia kitu anachokitazama. Kwa mtazamo huo, mkeka uliotundikwa ukutani mwa mgahawa ndio kwanza umeonekana kuwa sanaa. Na hoja hiyo si dhaifu, kwani ukuta huziepusha chane na uchakavu na unaweza kumpa msusi heshima ambayo sakafu haikumpa.

Hata hivyo, Uislamu, dini ya wakazi wengi wa Rufiji, unahifadhi Hadithi inayoelekea kwingine. Anas bin Malik anasimulia kwamba Mtume alialikwa chakula na bibi mmoja jijini Madina, akala, kisha akataka kuwaongoza wenyeji wake katika sala, na Anas akautwaa mkeka uliokwisha kuwa mweusi kwa kutumika muda mrefu, akaunyunyizia maji. Katika tukio hilo weusi wa mkeka si kasoro, bali ni ushahidi wa watu waliokwisha kukaribishwa.

Fikra hiyo inapata umbo la kisheria katika wakfu, yaani kuzuia mali isiuzwe wala kurithiwa ili manfaa yake yawaendee wengine. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa pwani, alifariki mwaka 1277 akiwa ameshaeleza katika kitabu chake, Minhaj, kwamba, kwa kauli sahihi zaidi, mikeka ya msikiti iliyochakaa inaweza kuuzwa. Ruhusa hiyo hutolewa manfaa yanapokwisha, wala si bei inapopanda.

Kipimo hicho kinaugusa mji pia. Tangu miaka ya 1990, nyumba nyingi za Kiswahili za Kariakoo, jijini Dar es Salaam, zenye vyumba vya kupangisha na baraza ya kukalia, zimebomolewa kupisha maghorofa ya biashara. Mwenye kiwanja ana haki ya kuuza, na nyumba hizo kwa kawaida hazikuwa wakfu; lakini wapangaji na majirani walikuwa na manfaa ambayo hayakuandikwa katika hati yoyote, yakiwemo kula pamoja, kuchumbiana kwa kufahamiana koo, na kuzikana. Mji unaopamba kuta za migahawa yake kwa ukindu huku ukiwasukuma pembezoni waliozoea kuukalia haukosi ladha ya uzuri. Unachokosa ni uadilifu, kwa sababu umejitwalia sura ya ukarimu na kuwaachia wengine gharama yake.