Nafasi Inalipwa na Nani?

Neno nafasi linafanya kazi nyingi kuliko mshahara wake. Ni kiti cha mwisho kwenye matatu ya Kitui, ni kazi uliyoomba ukanyamaziwa, ni muda ("leo sina nafasi"), ni ruhusa ya kujaribu tena. Kwa fundi bunduki ni kitu kimoja tu: upenyo ulioachwa kati ya ganda la risasi na ukuta wa chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikingoja kupigwa.

Nilisomea uhandisi wa mitambo kabla ya kuacha chuo, na somo pekee ambalo bado linanifuata ni la toleransi: kipande kiruhusiwe kukosea kiasi gani kabla hakijakataa kuingia mahali pake. Siku hizi naliona ni swali la maadili. Sisi wa umri huu tunaambiwa kutwa tutafute mahali panapotufiti. Kwani kutoshea ni wema?

Angalia kinachotokea ndani ya chemba. Baruti ikiwaka, ganda la shaba linafura hadi kubanana na ukuta, linaziba gesi isirudi usoni mwa mpigaji. Halafu linanywea kidogo, ndiyo maana linaweza kuvutwa nje. Lakini halirudi lilivyokuwa. Limechukua umbo la chemba ile. Baadhi ya walenga shabaha wanaojaza maganda yao upya hulibana shingo tu na kuacha mwili ulivyo, na hapo ganda linatoshea bunduki yake kuliko jipya la dukani. Lipeleke kwenye bunduki ya jirani, ya aina ileile, na huenda komeo likakataa kufunga.

Hadithi kama hiyo tunaipenda sana. Mtu amekaa kazi moja miaka ishirini, tunasema alizaliwa kwa ajili yake. Mke amezoea nyumba, tunasema amepata kwake. Mimi husita. Ganda halikuchagua, lilipigwa likiwa halina pa kwenda. Kutoshea kunakotokana na shinikizo hakutuambii lolote kuhusu uzuri wa mahali penyewe.

Mafundi wa bunduki za kuagiza huenda mbali zaidi. Wanachonga chemba hadi upenyo kwenye shingo ya ganda unabaki mwembamba kuliko unywele. Juu ya meza ya shabaha, ganda likiwa safi, bunduki hiyo ni ajabu. Sasa ilete Mutomo mwezi wa Septemba, na lile vumbi jekundu. Canada ilijifunza hayo kwa damu. Bunduki yao ya Ross ilisifiwa kwa shabaha, lakini Aprili 1915, huko Ypres nchini Ubelgiji, ilikwama kwa matope na kwa risasi za Uingereza ambazo hazikulingana vizuri na chemba yake. Askari waliitupa wakaokota Lee-Enfield za Waingereza, zenye chemba pana. Mwaka 1911 Rigby wa London walikuwa wameshatoa .416 kwa wawindaji wa nchi za joto: ganda kubwa, shinikizo dogo, ili jua lisilikwamishe.

Wawindaji wa Kikamba walikuwa na hesabu yao wenyewe. Mshale wao wa sumu, ile inayopikwa kutoka kwa mti wa Acokanthera, una sehemu ya mbele iliyochomekwa tu ndani ya uti. Lazima ishike angani, na lazima iachie ikishaingia mwilini, uti uanguke na sumu ibaki ndani. Ikibana sana ni mbaya, ikilegea sana ni mbaya. Hakuna mtu aliyewaita wahandisi.

Waliitwa majangili. Kuanzia 1956 serikali ya kikoloni iliendesha msako mkubwa Tsavo, ambayo inapakana na Kibwezi, na wapiga mishale wa Kikamba na wa Kiwata wakajaa jela. Mwenye bunduki ya London na leseni mfukoni aliendelea kuwinda, mpaka Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Ndovu ni yuleyule. Sheria nayo ina toleransi yake, na kuna watu imechongwa kwa vipimo vyao.

Kwa hivyo niko upande wa chemba pana? Hapa ndipo wasomaji wengi wangetaka niseme ndiyo, tuachiane nafasi, tusibanane. Ngoja kwanza. Ile Lee-Enfield iliyosamehe matope ililipiwa na mtu, au tuseme na kitu. Ganda la .303 likipigwa ndani ya chemba iliyolegea linavutika, na linavutika mahali palepale, juu kidogo ya kitako. Lijaze tena, lipige tena, shaba inazidi kuwa nyembamba. Siku moja linakatika vipande viwili. Kwa nje huoni kitu mpaka karibu na mwisho. Wanaojua huingiza waya uliopindwa ncha, wakikwaruza kwa ndani, wakitafuta mfereji kwa mguso wa kidole.

Boma ninazozijua kati ya Wote na Kibwezi zina ulegevu wa hivyo. Kijana ameachiwa nafasi: ajitafute, arudie mtihani, ajaribu biashara ya bodaboda, ianguke, ajaribu nyingine. Watu wanasema familia ile ina roho safi, na si uongo. Ila ukichunguza utakuta kuna mmoja anayevutika, na mara nyingi ni kifungua mimba wa kike. M-Pesa yake ndiyo upenyo wenyewe.

Nilipoacha chuo hakuna aliyenifokea nyumbani. Muhula wa mwisho ulikuwa umelipwa na dada yangu, anayeuza mitumba sokoni. Nikimpigia tunaongea vizuri, anacheka, ananiuliza kama nimekula. Karo ile hajawahi kuitaja.