Breki Ni Zetu

Gari langu ni la mtumba kutoka Japani, kama karibu kila gari ninaloliona hapa Umoja. Kenya imekuwa ikiruhusu kuingizwa kwa magari yasiyozidi miaka minane, kwa hivyo mengi yanafika Mombasa yakiwa yamekula ujana wake huko kwao. Uzee wake, ambao ni mrefu kuliko ujana, yanaumalizia kwenye matuta yetu. Ndiyo maana wengi wetu tumejifunza kushika spana. Kumwaga oili, kubadilisha filta na plagi, kufungua gurudumu na kuangalia pedi za breki zimebaki unene gani: hizo ni kazi za Jumamosi asubuhi. Spea unatoa Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaiita Grogan. Maarifa unatoa YouTube. Jeki unaazima kwa jirani.

Najitengenezea kwa sababu mbili. Ya kwanza ni pesa, na hiyo haihitaji maelezo. Ya pili ni kwamba mtu anayejua kilicho chini ya boneti hachezewi kirahisi. Fundi akikwambia, "Hii injini imekufa, buda," unaweza kumwuliza imekufa wapi.

Lakini nikishajua kufungua na kufunga, nina haki ya kufanya nini na kitu changu? Jibu la mtaani ni fupi: gari ni lako, fanya unavyotaka. Nadhani jibu hilo si kweli, na Eastlands ni mahali pazuri pa kuona kwa nini.

Huku hatuna gereji. Mtaa kama Kaloleni ulijengwa enzi za ukoloni kwa wafanyakazi Waafrika, na hakuna aliyewaza kwamba mpangaji siku moja atamiliki gari. Umoja ya leo ni ghorofa juu ya ghorofa, na magari yamepangwa kando ya barabara kama viatu mlangoni mwa msikiti. Kwa hivyo hapo "nyumbani" unapofungulia gari ni mahali pa kila mtu. Watoto wanacheza kati ya magurudumu, mtu anaanika nguo, na watoa maoni hawakosekani. Ukiingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, lazima mmoja apige kelele: "Wee, weka stendi! Unataka tukuchangie?" Hakuna anayesema gari ni lako, jifie ukitaka. Wanajua mchango wa mazishi utapitishwa kwao.

Kelele hizo zina hekima. Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika insha yake ya 1795 kuhusu amani ya kudumu, alipendekeza kipimo: tendo linalogusa haki za wengine, ambalo huwezi kulifanya huku ukitangaza nia yako wazi, si la haki. Kant alikuwa akiwaza mataifa na watawala, hakuwahi kuona Probox. Lakini kipimo chake kinatosha kabisa kwenye parking ya ploti.

Chukua spana ile ile. Unaweza kuitumia kubadilisha pedi zilizoisha. Unaweza pia kuitumia kufungua dashibodi na kutoa balbu ya taa ya mkoba wa hewa, ili anayekuja kununua gari kesho asijue mkoba wenyewe haufanyi kazi. Ufundi ni mmoja. Mikono inachafuka sawasawa. Lakini kazi ya kwanza unaweza kuifanya ukipiga stori na majirani, na ya pili unaifanya kabla mnunuzi hajafika. Huko ni kuficha, na hakuna ustadi unaoweza kukugeuza kuwe kutengeneza. Kurudisha nyuma mita ya kilomita ni vivyo hivyo.

Hayo ni rahisi, kwa sababu kila mtu anajua uongo ni uongo. Mambo magumu ni yale marekebisho madogo yasiyo na uongo wowote. Unaweka spesa kwenye springi ili gari lisigonge chini. Ni jambo la busara ukizijua barabara zetu. Lakini gari likiinuka, taa nazo zinamulika juu zaidi, na usiporekebisha pembe yake unampofusha anayekuja mbele. Au unatoa balbu za halojeni na kuweka LED kwenye kikombe ambacho hakikutengenezewa LED. Mwanga unatawanyika kila upande. Wewe unaona poa, na mwenye bodaboda upande wa pili haoni kitu. Wengine wanang'oa kichujio cha ekzosi na kukiuza, maana ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Pesa inaingia mfukoni mwako. Kaboni monoksidi ambayo kichujio kingeipunguza inabaki kwenye hewa ya wanaokaa karibu na steji.

Katika yote hayo faida imebaki kwa mwenye gari na hasara imehamia kwa mtu ambaye hakuulizwa.

Hapo utaniambia kipimo cha uwazi hakitoshi, na utakuwa sahihi. Februari 2004, sheria za waziri John Michuki zilipoanza kutumika, kila matatu ilitakiwa kuwa na mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Lakini vidhibiti kuchezewa si siri. Dereva anajua, makanga anajua, na abiria aliyechelewa kazini anashangilia. Jambo likifanywa mbele ya watu wote, linakuwa halali?

Halijakuwa, kwa sababu mtu mmoja hayumo ndani ya hiyo matatu. Ni yule anayetaka kuvuka Outering kwa miguu. Anatazama gari linalokuja, anakadiria umbali, anaamua kuvuka. Makadirio yake yamejengwa juu ya imani kwamba breki zinashika. Hajui mafuta yako ya breki hayajabadilishwa miaka mingapi, wala kwamba yananyonya unyevu kutoka hewani na kuchemka mapema breki zikipata joto. Siku hizi zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka kwenye barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi ni la watembea kwa miguu. Kwa hivyo uwazi unaohesabika ni ule ambao ungeweza kusimama nao mbele ya mtu huyo. Majirani na marafiki hawatoshi.

Kuna pingamizi zito kuliko hilo: umaskini. Mtu anategemea gari kulisha familia, mwezi umekuwa mbaya, pedi zimeisha. Akiegesha gari, watoto wanalala njaa. Siwezi kumhukumu nikiwa nimeshiba. Ila naona kwamba anayebeba hatari yake kwa kawaida ni maskini kumliko, mtu asiye hata na nauli. Tena mara nyingi tatizo halisi ni mpangilio wa matumizi. Mtaani kuna magari yenye rimu mpya, spika zinazotikisa madirisha na rangi ya kung'aa, huku tairi zikiwa upara. Pesa ilikuwepo. Ilienda kwa vinavyoonekana.

Kwa hivyo sisemi tuwaachie mafundi kila kitu. Fundi naye anaweza kukuficha. Ninachosema ni kwamba ujuzi unaongeza deni. Asiyejua kitu kuhusu breki anaweza kusema hakujua. Mimi niliyefungua gurudumu na kuiona pedi imebaki nyembamba kama kadi ya simu nimepoteza utetezi huo. Rimu, redio na viti ni vyangu, nitavipamba nipendavyo. Lakini breki, taa, tairi na usukani vina wenyewe wengi, na wengi wao sitawahi kujua majina yao. Shilingi ya kwanza iende huko.