Tafuteni Silinda Kwanza

Wanangu mnaoshika spana siku hizi, nina neno nanyi, na sidhani litawapendeza. Gari kuukuu likiingia gereji linamisi, mkono wenu wa kwanza unakwenda kwenye simu kuulizia bei ya plagi. Plagi zikifungwa na gari likaendelea kutetemeka, mnaagiza waya. Waya zikishindwa, koili. Jioni mwenye gari ameshanunua nusu ya mfumo wa moto, na silinda iliyokuwa imelala asubuhi bado imelala. Mnacheza bahati nasibu kwa pesa ya mtu.

Nasema juu ya magari ninayoyajua: Corolla za miaka ya 1990 zenye injini ya 5A-FE, na zile zilizozitangulia, za kabureta na injini ya 4K. Silinda nne, distributa moja. Injini ya namna hiyo ikimisi inafanana na watu wanne waliobeba jeneza na mmoja wao ameweka mkono tu: mzigo unakwenda, lakini unayumba, na watatu wanachoka. Kazi yenu ya kwanza ni kumjua aliyeweka mkono. Kwa nini habebi, hilo ni swali la pili, na ninyi mnalijibu kabla ya la kwanza.

Hata kabla ya boneti kufunguliwa, muulizeni mwenye gari: lilianza lini, na baada ya nini? Msiridhike na jibu la “lilianza tu lenyewe.” Kama jana alioshesha injini, maji yamesimama kwenye mashimo ya plagi, na dawa yake ni kitambaa na upepo wa kompresa. Kama alijaza mafuta mahali asipopazoea, chukueni tone mlidondoshe kwenye karatasi safi: petroli hukauka ikaondoka, mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Mchezo wa kuchanganya petroli na mafuta ya taa si hadithi. Mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida yake, na Kenya nayo ikaweka tozo kwa sababu hiyo hiyo mwaka 2018. Na kama gari limetoka kwa fundi mwingine, jambo ambalo wengi huona haya kulisema, kagueni mpangilio wa waya kabla ya kitu chochote. Injini hizi huwaka 1-3-4-2. Rota inazunguka upande gani, fungueni kifuniko cha distributa mzungushe injini mwone kwa macho. Nimeona watu wazima wakibishana upande huo kwa kumbukumbu huku gari likipiga mashuti kwenye kabureta.

Sasa washeni, na mwende mkasimame nyuma ya gari. Mnacheka, lakini bomba la moshi linasema mengi. Pigo likikosekana kwa mpangilio ule ule, tena na tena, ni silinda moja. Likikosekana ovyo, mara hapa mara pale, tatizo ni la silinda zote: mafuta hayatoshi, hewa inavuja kwenye manifoldi, au pointi za distributa zimeungua. Likisumbua gari likiwa limesimama na kutulia mkipandisha resi, tafuteni kipira cha vakyumu kilichopasuka kabla ya kutaja plagi.

Kisha izimeni silinda moja moja. Kwenye 5A-FE chomoeni soketi ya nozeli. Mafuta yanakatika na hakuna kinachoharibika. Kwenye 4K mnachomoa waya wa plagi, lakini waya huo uelekezwe kwenye bodi la injini kwa plagi ya akiba, usining’inie hewani. Moto unaotoka pale ni maelfu mengi ya volti: ukikosa pa kwenda utapasua koili, au utapita kwenye mkono wako. Mwenye pesmeka ya moyo asikaribie kabisa. Ukizima silinda na injini ikayumba zaidi, hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukiizima na mlio usibadilike, umempata.

Hapo ndipo plagi inapotolewa, na hapo ndipo wengi wenu mnapoharibu kazi kwa kuifuta. Msiifute. Itazameni ilivyo. Masizi makavu meusi: petroli imezidi. Imelowa petroli: moto haukufika. Imelowa oili kwenye ncha yake: oili inapita kwenye ringi au kwenye sili za valvu. Lakini oili ikiwa juu tu, kwenye kaure na ndani ya kifuniko cha waya, wakati ncha ni kavu, hiyo haitoki ndani ya silinda hata kidogo. Imevuja kutoka kwenye kifuniko cha valvu, kupitia sili za mirija ya plagi, ugonjwa unaojulikana sana kwenye injini za familia ya 5A-FE. Sili hizo ni mpira wa bei ndogo. Nimesikia mwenye gari akiambiwa “ringi zimekwisha, tufungue injini” kwa sababu ya oili ya namna hiyo, na aliyesema alikuwa na cheti ukutani. Kama hakujua, ni aibu. Kama alijua, ni wizi.

Ncha ikiwa haina la kusema, hamisheni. Plagi ya silinda iliyolala, tuseme namba 3, iende namba 1, ya namba 1 ije namba 3. Ubovu ukihama na plagi, mmeupata bila kununua kitu. Usipohama, fanyeni vivyo hivyo kwa waya ikiwa urefu unaruhusu. Waya wa Toyota hizi ukipimwa kwa mita usizidi kiloomu 25. Na gari likiwekwa gizani, waya uliochoka huonekana ukitoa cheche pembeni. Hata plagi mpya ipimeni uwazi wake: milimita 0.8 kwa 4K, 1.1 kwa 5A-FE. Boksi jipya halithibitishi kilichomo, na anayenunua mitaani Kariakoo anajua ninachosema.

Mashine za kupimia siwakatazi. Ila jueni kwamba ule mfumo wa namba za P ulilazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, na Corolla nyingi zilizotoka Japani kabla ya hapo haziuelewi. Kwa hizo mnaunganisha pini za TE1 na E1 kwa kipande cha waya na kuhesabu taa ya injini inavyopepesa. Na hata gari la kisasa likikuandikia P0303, limekuambia silinda ya tatu. Sababu utaitafuta mwenyewe.

Moto upo, mafuta yapo, na silinda bado imelala? Pimeni kompresheni: plagi zote nje, moto umekatwa, nozeli zimechomolewa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Andikeni namba zote nne. Tofauti ya zaidi ya psi 14 kati ya silinda na silinda si ya kupuuza. Iliyo chini itieni kijiko cha oili mpime tena: ikipanda, ni ringi, isipopanda, ni valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imepasuka kati yao.

Gari lisiachwe litembee hivyo kwa wiki nzima eti “litavumilia.” Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, na inayobaki inakwenda kuungulia kwenye masega ya katalisti ya bomba la moshi mpaka yanayeyuka.

Vipimo vikisema ringi au valvu, mwiteni mwenye gari, mwonyesheni zile namba, mtajieni gharama kabla hamjalegeza bolti moja ya hedi. Corolla ya mwaka 1995 pengine haistahili gharama hiyo, na uamuzi ni wake. Wengine watalichukua gari lao waende kwa fundi atakayewaambia ni plagi tu. Waacheni waende, na karatasi ya vipimo mwape.