Buibui Mwenye Mkia na Bei Yake



Wengi wetu tuliwahi kutega ndege kwa ulimbo utotoni. Ndege akitua, miguu hunata, wala haruki tena. Ndivyo alivyopatikana mdudu mmoja wa jamii ya buibui, miaka kama milioni 100 iliyopita, katika nchi iitwayo leo Myanmar. Utomvu wa mti ulimfunika, ukakauka, ukawa kaharabu, jiwe la rangi ya asali. Mwaka 2018 wataalamu walimtangaza kwa jina la Chimerarachne yingi. Mwili wake ni milimita mbili na nusu tu. Ana viungo vya kutolea nyuzi kama buibui, lakini ana na mkia, tena mrefu kuliko mwili. Buibui wa leo hana mkia.

Ni haki kustaajabu. Lakini tujiulize pia: kaharabu ya huko hutoka mikononi mwa nani? Huchimbwa katika jimbo la Kachin, penye vita vya siku nyingi. Watu wameshuka katika mashimo membamba, na wengine wamefia humo. Mwaka 2017 jeshi liliteka machimbo, wenyeji wakakimbia. Mwaka 2020 chama kimoja kikubwa cha wataalamu wa wanyama wa kale kiliyaomba magazeti ya sayansi yasipokee kazi juu ya vitu vilivyonunuliwa huko tangu wakati ule. Wengine walipinga, wakisema maarifa yatapotea na mchimbaji maskini atakosa riziki.

Swali hili si geni kwetu. Pwani yetu ilichimba sandarusi, mdogo wake kaharabu, ambayo nayo huwa na wadudu ndani. Katika karne ya 19 ilipitia Unguja kwenda Marekani na Ulaya kufanywa vanishi. Aliyekalia kiti king'aacho huko Salem hakuuliza jembe lilishikwa na nani.

Mtu atasema, “Kosa ni la muuzaji; mimi nimenunua tu.” Hatuwezi kukubali. Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wakapenya kambi ya adui wakamletea. Hakuyanywa. Maji yalikuwa safi, ila yalipatikana kwa kuhatarisha roho za watu, naye akayamimina mbele za Bwana.

Je, basi tuache kutafuta maarifa? Hasha. Tumtazame kipunji, kima wa Mlima Rungwe. Wazee wetu walimjua zamani. Mwaka 2005 wataalamu walimtangaza kwa ulimwengu kwa picha, bila kumwua hata mmoja. Yule waliyempata baadaye kwa uchunguzi alikuwa amekwisha kufa katika mtego wa shambani. Njia safi ipo, ingawa huhitaji subira.

Nasi tukinunua mbao, mkaa au nyama ya porini, tumwulize muuzaji: kimetoka wapi, na nani ameumia? Akikosa jibu, turudi nyumbani mikono mitupu. Ni vigumu jiko likiwa baridi, lakini ndipo imani yetu inapopimwa.