Kipi ni Wajibu Ndani ya Kiini?

Mwaka 2015, toleo la 4.1 la Linux lilikuja na swichi mpya iitwayo CONFIG_MULTIUSER. Anayeizima wakati wa kujenga hupata kiini cha mfumo endeshi kisichomtofautisha mtu na mtu: kila programu huendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, na nani aruhusiwe kufungua faili gani si swali tena. Unix, iliyoipa Linux mawazo yake mengi, ilikua kama mfumo wa watu wengi kutumia mashine moja. Leo jambo hilo lililodhaniwa kuwa roho ya mfumo linaweza kuachwa, ili kifaa kidogo kisichoingiwa na mtu yeyote kiokoe kilobaiti chache za kumbukumbu.

Hapa mafundi wa programu wamefika kwenye uwanja wa wanafalsafa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alitenganisha kilicho wajibu kwa dhati yake na kilicho wajibu kwa sababu ya kingine; kwake, cha kwanza ni Mungu peke yake. Mgawanyo huo unasaidia hata mbele ya orodha ya usanidi wa Linux, yenye machaguo zaidi ya 15,000. Mtandao una swichi yake. Vifaa vya kuhifadhi data, kama diski, vina yao. Hata CONFIG_PRINTK, inayokiwezesha kiini kueleza kilichokisibu, inaweza kuzimwa kikabaki bubu. Vichache havina swichi: kugawa muda wa kichakataji, kugawa kumbukumbu, kupokea maombi ya programu. Vingine vyote ni wajibu kwa sababu ya kingine, na hicho kingine ni kazi ya mtu fulani mahali fulani.

Asili nayo haitoi kinga. Linus Torvalds alianza Linux mwaka 1991 kwenye kompyuta yenye kichakataji cha 386, na mwanzoni mfumo ulifungamana na mashine hiyo. Desemba 2012 msimbo wa kuihudumia 386 uliondolewa, na toleo la 3.8 likatoka bila msimbo huo. Kilichozaa kiini hakikuwa tena sehemu ya kiini.

Je, basi, kila kitu kifanywe cha hiari? Hapana. Kila swichi inayoongezwa huzidisha maradufu idadi ya mifumo inayoweza kujengwa: swichi 10 zinazojitegemea huzaa mifumo 1,024, na swichi 20 huvuka milioni moja. Hakuna anayeweza kuijaribu yote, kwa hiyo uhuru wa anayechagua hulipwa na yule atakayekutana na hitilafu ambayo haikuwahi kuonekana. Zipo pia swichi zilizokuwa za uongo. CONFIG_HOTPLUG ilihusu uwezo wa kupokea vifaa mashine ikiwa inafanya kazi. Karibu kila mtu aliiwasha, na kuizima kuliokoa kidogo sana huku kukizaa makosa. CONFIG_EXPERIMENTAL ilitakiwa kutenga vitu vya majaribio, lakini kwa kuwa vingi vilivyokomaa viliachwa chini yake, wasambazaji wa Linux waliiwasha bila kufikiri. Kuanzia mwaka 2012 zote mbili zilifutwa hatua kwa hatua, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Anayemwachia mtumiaji swali ambalo yeye mwenyewe angeweza kulijibu hajampa uhuru. Amemtwisha mzigo wake.

Ndiyo maana kuuliza kama kitu kinaweza kuondolewa hakutoshi, maana karibu kila kitu kinaweza. La kuuliza ni hili: kikiondolewa, nani atapungukiwa, na je, mtu huyo alikuwepo wakati wa kuamua? Kwa CONFIG_MULTIUSER jibu linaridhisha. Swichi hiyo imewekwa nyuma ya nyingine ya wataalamu, CONFIG_EXPERT, na anayeizima ndiye mjenzi wa kifaa, anayejua hakitatumiwa na watu wawili wasioaminiana.

Watumiaji wengi, hata hivyo, hawajengi kiini. Huletewa kikiwa tayari na wasambazaji kama Debian na Ubuntu. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kiini wala kisakinishi cha kompyuta za kawaida za biti 32 za familia ya x86. Sababu zake ni za haki: kuihudumia mashine ya zamani kunahitaji watu, na watu wanapungua. Lakini Afrika Mashariki ni soko la kompyuta za mitumba, na mwenye mashine ya aina hiyo hakuwa na sauti katika hesabu hiyo. Kiini chenyewe cha Linux bado kinaweza kujengwa kwa biti 32. Msimbo upo, ila anayeuhitaji sasa inambidi awe fundi wa kuujenga mwenyewe au amtafute msambazaji mwingine anayeendelea kuihudumia mashine yake.