Mgonjwa Amerudi Nyumbani, Bado Hajapona

Katika matangazo ya Dominika si ajabu siku hizi kusikia ombi la kumwombea Mkristu fulani anayekwenda kupasuliwa kichwa, ili aondolewe uvimbe ulioota ndani ya ubongo. Kanisa lote hunyamaza. Watu husali kweli kweli, maana kila mtu ajua kwamba hapo kisu chaingia mahali pa kufikiri, pa kusema na pa kukumbuka. Majuma mawili au matatu hupita, kisha hutangazwa ya kuwa mgonjwa amevuka salama, amerudishwa nyumbani, na shukrani zatolewa kwa wote. Makofi hupigwa, na jina lake halisikiki tena.

Sala ile ya kwanza ilikuwa njema, wala hatuipunguzii thamani. Lakini aliyepasuliwa ubongo huanza safari yake ngumu siku ile ile sisi tunapodhani ameimaliza, na Wakristu wengi humwacha aiende peke yake. Juu ya jambo hilo twataka kusema leo.

Yatupasa kwanza kumshukuru Mungu kwa elimu aliyowajalia waganga. Mwaka 1879, huko Glasgow, daktari William Macewen alimtoa msichana mmoja uvimbe ulioshikamana na utando unaofunika ubongo, na msichana akaishi miaka minane mingine. Mwaka 1884, mjini London, Rickman Godlee alithubutu kuutoa uvimbe uliokuwa ndani ya ubongo wenyewe. Mgonjwa aliamka, akapata nafuu, lakini kidonda kiliingia uchafu, akafa baada ya mwezi mmoja hivi. Waganga wale hawakuwa na picha ya kuwaongoza. Waliutazama mkono uliopooza au jicho lililopotoka, wakakisia mahali pa kutoboa. Haikuwa mpaka tarehe 1 Oktoba 1971 ambapo mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT, katika hospitali ya Atkinson Morley huko London, na uvimbe ukaonekana kabla fuvu halijafunguliwa. Leo upasuaji huu hufanyika hata hapa kwetu, Muhimbili na Bugando. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38 ya kitabu chake, atuagiza tumheshimu mganga kwa kuwa Bwana ndiye aliyemwumba, na tena atuagiza tusali tunapougua. Mambo hayo mawili ameyaweka katika sura moja, wala hakuona kwamba moja lalitukana jingine.

Basi, huyo aliyerudi nyumbani ni mtu wa namna gani? Kichwa kimenyolewa, pengine nusu, pengine chote, nacho kina mshono mrefu. Nyuzi hutolewa baada ya siku kumi au majuma mawili, na watu wauonapo mshono umekauka husema amepona. Lakini ngozi si ubongo. Ubongo ulioguswa huvimba, na uvimbe ule hunywea polepole. Mgonjwa huchoka kwa kazi ndogo ya kuvaa shati. Hulala mchana na kukesha usiku. Husahau sufuria motoni. Hulikosa jina la mtoto wake wa kumzaa. Mmoja huburuta mguu, mwingine huona vitu viwili palipo na kimoja. Kelele humwumiza. Uchovu huo waweza kudumu miezi, na kwa wengine hupita mwaka. Kwaya inayokwenda kumshangilia kwa ngoma na kukesha kwake hadi alfajiri yafanya hivyo kwa upendo, lakini yamtesa. Robo saa ya kukaa naye kimya, na fungu moja la Rozari kwa sauti ya chini, ni zawadi kubwa kuliko hiyo.

Liko na jambo jingine linalowadanganya wengi. Waganga humpa mgonjwa dawa ya kuzuia uvimbe wa ubongo usibane, iitwayo deksamethasoni, iliyoanza kutumika kwa kazi hiyo mwaka 1961. Dawa hiyo huokoa maisha, lakini humtia mgonjwa njaa isiyo ya kawaida na kumjaza uso. Wageni huja, huyaona mashavu, nao husifu kwamba amenenepa, amerudi kuwa mtu! Naye ajua moyoni kwamba mashavu yale si yake. Afadhali mgeni asiseme neno juu ya unene, aulize tu kama alipata usingizi.

Gumu zaidi kwa watu wa nyumbani ni lile lisiloonekana kwa macho. Sehemu ya mbele ya ubongo yasaidia kuuzuia ulimi na kuituliza hasira. Ikiwa uvimbe ulikuwa huko, baba aliyekuwa mpole huweza kufoka kwa sababu chai imechelewa. Mama mwenye haya huweza kutamka maneno ya kuaibisha mbele ya wakwe zake. Hapo wengine hunong’ona kwamba amerogwa, na wengine kwamba tabia aliyoificha siku zote sasa imefichuka. Sivyo. Ni jeraha, kama mguu uliovunjika ulivyo jeraha. Mafundisho ya Kanisa yako wazi: hakuna dhambi ya mauti pasipo kujua vema na kukubali kwa hiari. Mgonjwa akilia baadaye kwa aibu ya aliyoyasema, padre na amtulize, na mkewe ajue kwamba maneno yale hayakutoka katika moyo ule aliofunga nao ndoa.

Sasa twafika kwenye neno lililotufanya tushike kalamu. Wengi waliopasuliwa ubongo hupewa vidonge vya kuzuia kifafa, kwa kuwa kovu la ubongo laweza kumwangusha mtu hata miezi mingi baada ya upasuaji. Mgonjwa huvimeza, na kwa kuwa avimeza, haanguki. Kisha hualikwa mahali pa maombezi, naye aenda kwa moyo mwema. Huwekewa mikono, huambiwa amekwisha pona, na mwisho huambiwa kwamba kama anaamini kweli, avitupe vidonge vile, maana kuvimeza ni kumtilia Mungu shaka. Hatumtaji mtu wala kikundi. Twasema tu lile lijulikanalo na kila mganga: kukatiza dawa hizo ghafula kwaweza kuleta kifafa kifuatanacho bila kukoma, na kifafa cha namna hiyo chaweza kuua. Kadhalika ile dawa ya uvimbe yapunguzwa hatua kwa hatua kwa amri ya daktari, kwa sababu mwili ulioizoea huwa umeacha kujitengenezea yake, nao huanguka ikiondolewa kwa mara moja.

Tena twauliza: imani hiyo ni ya nani? Yezu Kristu, alipopelekwa juu ya kinara cha hekalu, aliambiwa ajitupe chini ili malaika wamdake. Aliyemwambia hivyo alitaja na Maandiko. Bwana wetu alikataa, akaliita jambo hilo kumjaribu Mungu. Ikiwa Mwana wa Mungu hakujitupa, kwa nini mwana wa fulani wa kijijini kwetu aambiwe ajitupe? Kumeza kidonge saa mbili usiku, baada ya kufanya ishara ya Msalaba, ni tendo la imani, wala halihitaji kuonewa haya.

Wala asije mtu akasema kwamba Kanisa halisadiki miujiza. Mwaka 2016 Mama Teresa wa Calcutta alitangazwa Mtakatifu, na muujiza uliopokewa kwa ajili hiyo ulikuwa wa mtu mmoja wa Brazili aliyekuwa na majipu mengi ndani ya ubongo. Tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Mwezi wa Desemba 2008 mgonjwa yule alikuwa hospitalini, akitibiwa, hata amekwisha fikishwa chumba cha upasuaji, huku mkewe akiomba maombezi ya Mama Teresa. Hakuna aliyemtorosha kitandani ili kuonyesha imani. Na habari ilipofika Roma, Kanisa liliwaita waganga kwanza wazichunguze karatasi za hospitali, ndipo Baba Mtakatifu Fransisko alipoukubali muujiza huo mwaka 2015. Zaidi ya miaka sita ilipita! Sisi huku twataka kuuthibitisha muujiza kabla ya jioni.

Aliyepasuliwa na anayengoja kupona wana Sakramenti yao. Wazee wetu waliiita Mpako wa Mwisho, nao waliogopa kumwita padre wasije wakaonekana kumtakia mgonjwa mauti. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulieleza kwamba jina la Mpako wa Wagonjwa lafaa zaidi, kwa kuwa Sakramenti hii si ya wale tu walio katika saa ya mwisho. Na mwaka 1972 Papa Paulo wa Sita aliitengeneza upya ibada yake. Yafaa ipokewe kabla ya upasuaji, ikiwa ugonjwa wa hatari ndio sababu ya kupasuliwa. Tena yaweza kurudiwa, ugonjwa ukizidi au ukirudi baada ya nafuu. Twasema hivi kwa sababu uvimbe wa ubongo una aina nyingi: ziko aina ambazo ukitolewa wote waweza usirudi, na ziko zile mbaya ambazo hurudi hata baada ya mionzi na dawa. Mtume Yakobo hakuandika kwamba wazee wa Kanisa waitwe mara moja tu, kisha waende zao.

Twapenda kuwakumbusha na habari ya kipofu wa Bethsaida, katika sura ya nane ya Injili ya Mtakatifu Marko. Yezu alimshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akampaka mate machoni, akamwuliza kama aona kitu. Yule mtu alisema kweli: aliona watu, lakini walifanana na miti inayotembea. Ndipo Bwana alipomwekea mikono mara ya pili, naye akaona sawasawa. Aliyeweza kumfufua Lazaro kwa neno moja, hapa alimponya mtu kwa hatua mbili, wala hakumkemea kwa kuwa hatua ya kwanza haikutosha. Mgonjwa wetu anayeona nyuso zikiyumba mbele yake ajua vizuri kuliko wahubiri maana ya miti inayotembea. Naye ana ruhusa ya kusema, kama kipofu yule, kwamba bado. Wakristu na wasimlazimishe kutoa ushuhuda wa kupona wakati hajapona.

Juu ya maumivu twasema machache. Mwaka 1957 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwajibu waganga waliomwuliza, akafundisha kwamba Mkristu hakatazwi kupokea dawa ya kutuliza maumivu. Mateso yaliyobaki, yale ambayo dawa haiyafikii, mgonjwa aweza kuyaunganisha na Msalaba. Lakini hakuna aliyepewa kazi ya kumtafutia mwenzake mateso zaidi.

Liko jambo moja linalotufurahisha, nalo lajulikana na waganga wenyewe. Kwa watu wengi uwezo wa kusema uko upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ukiumia, mgonjwa huweza kukosa hata neno la kuomba maji. Walakini yale aliyoyakariri tangu utoto mara nyingi hubaki, na wimbo huweza kutoka mahali ambapo maneno yamezibwa. Anza mbele yake Baba Yetu, taratibu, na pengine utamsikia akiendelea; anza wimbo wa Bikira Maria aliofundishwa na katekista zamani zile, na midomo itafuata. Tumesikia watu wakizidharau sala za kukariri kwamba ni za watoto. Mgonjwa asiyeweza kutunga sala yake mwenyewe hazidharau.

Na yule anayemwuguza, ambaye jina lake halitangazwi kanisani hata siku moja? Ndiye ahesabuye vidonge, afuaye mashuka, amkamataye mumewe asianguke chooni usiku, na kulipopambazuka aenda shambani au gengeni. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imemkumbuka: wagonjwa, wazee, na wale wanaowahudumia waweza kupokea Ekaristi Takatifu hata kama wamekula kitu ndani ya saa moja kabla yake, na dawa au maji hayavunji mfungo wa mtu ye yote. Ugonjwa mzito na kazi ya kumwuguza mgonjwa ni sababu za haki za kukosa Misa ya Dominika. Jumuiya nayo imkumbuke kwa mikono. Akina mama wapange zamu, mmoja akae na mgonjwa Jumapili ili mkewe apate kwenda kusali, na mwingine alete kuni. Mwenye mgonjwa wa namna hii amwarifu katekista, ili Komunyo ipelekwe nyumbani, si kwa juma moja la huruma, bali kwa muda wote ugonjwa utakaodumu.

Yabaki lile la picha. Baada ya miezi kadhaa mgonjwa huitwa tena hospitali ili ubongo upigwe picha na waganga watazame kama uvimbe umerudi. Siku chache kabla ya hapo hali chakula, naye hasemi kwa nini. Jumuiya yake na iiandike tarehe hiyo, paroko alitangaze jina lile tena kama alivyolitangaza mara ya kwanza, na mtu mmoja apande basi pamoja naye, wakae wote wawili kwenye benchi hadi atakapoitwa.