Kuona Viwili na Kujua Kimoja

Watu husema kwamba lionwalo kwa macho halihitaji shahidi. Usemi huu wafaa maadamu macho mawili yanapatana. Siku yanapohitilafiana, mwenye nayo hujikuta ana mashahidi wawili wa jambo moja, kila mmoja ameshikilia neno lake, na hapana wa tatu wa kuamua. Taa moja huwa mbili. Mlango mmoja huwa miwili. Rafiki ajaye njiani huja na pacha wake. Hali hii ndiyo iitwayo kuona maradufu. Ni kasoro ya mwili, lakini ndani yake limo swali la maadili: je, mashahidi wawili wakitofautiana, ni lazima mmoja wao awe mwongo?

Kabla ya kujibu, yafaa tujue kwamba kuona viwili si jambo geni kwa mtu ye yote. Msomaji na ainue kidole chake mbele ya pua, kisha atazame ukuta wa mbali: ataona vidole viwili. Macho yetu yametengana kwa kadiri ya sentimita 6, na kila moja hupokea sura yake. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, alilichunguza jambo hili katika Kitab al-Manazir. Alieleza kwamba kitu huonekana kimoja pale sura zake zinapoangukia mahali panapolingana katika macho yote mawili. Zikikosa kulingana sana, huonekana viwili. Mwaka 1838 Charles Wheatstone wa Uingereza alionyesha kwamba tofauti ndogo iliyopo baina ya sura hizo ina faida kubwa, maana kwayo twatambua kina cha vitu, kilicho karibu na kilicho mbali. Basi kuona kimoja ni mapatano, na mapatano hayo hayafuti tofauti ya wapatanao, bali huitumia.

Mapatano haya huweza kuvunjika. Kila jicho huongozwa na misuli sita, na misuli hiyo hupokea amri kwa mishipa ya fahamu. Kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, pigo la kichwa au ugonjwa wa tezi ya shingo waweza kudhoofisha mmojawapo, na jicho likaacha kufuatana na mwenzake. Dalili yake ni nyepesi: mgonjwa akiziba jicho moja, lo lote liwalo, sura ya pili hutoweka. Ikibaki, kosa limo katika jicho lenyewe, mathalan mtoto wa jicho. Na hali hii ikizuka ghafula, haifai kungojewa. Daktari aendewe upesi, kwa kuwa pengine ni mjumbe wa hatari kubwa zaidi.

Mwenye kuona maradufu huishi katika mashaka ambayo wengine hawayajui. Humimina chai, ikamwagika kando ya kikombe. Hushuka ngazi kwa kupapasa kwa mguu. Barabarani huona magari mawili, na hana nafasi ya kupeleleza lipi la kukimbiwa. Pengine huinamisha kichwa upande ili sura zikaribiane, na wapitao humdhania mlevi au mwenye kiburi. Njia mbili zilimshinda fisi, naye njia zake zote ni mbili.

Dawa ya kwanza ya hitilafu hii ni kumnyamazisha shahidi mmoja. Jicho huzibwa kwa kitambaa, na ulimwengu hurudi kuwa mmoja mara hiyo. Ni msaada wa kweli, lakini una gharama: kina cha vitu hupungua, na upande mmoja wa mazingira hupotea. Kwa mtoto mwenye makengeza gharama yaweza kuwa kubwa zaidi. Ubongo wake wenyewe huikataa sura ya jicho moja, na jicho lililozoea kutosikizwa hufifia, ingawa halina jeraha. Hapa maumbile yatufundisha kwamba amani ipatikanayo kwa kumpuuza mmoja huzaa upofu kidogo kidogo.

Dawa nyingine ni prizimu. Hiki ni kioo mfano wa kabari, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili. Nuru ipitayo ndani yake hupindwa kuelekea upande mnene, na kitu huonekana kimesogea kuelekea upande mwembamba. Mwaka 1890 Charles F. Prentice wa New York alipendekeza kipimo chake: dayopta moja ya prizimu huisogeza nuru kwa sentimita 1 katika mwendo wa mita 1. Mpimaji hukadiria jicho limepotoka kwa kiasi gani, kisha huagiza kabari ya kadiri hiyo katika miwani. Kioo hakilinyoshi jicho. Huigeuza njia ya nuru hata ikalikuta jicho pale pale lilipo.

Mpenda ukweli mkali aweza kupinga. Atasema, kioo hiki ni hila: kinaonyesha kitu mahali pasipo pake, na mvaaji hufurahia uwongo uliopimwa vizuri. Hoja hii ina uzito, lakini imesahau maumbile ya jicho. Jicho zima nalo hupinda nuru, na sura iangukayo nyuma yake imepinduliwa juu chini. Hapana mtu aonaye kwa nuru isiyopindwa. Ukweli wa kuona haumo katika unyofu wa njia ya nuru. Umo katika kujua kitu kilivyo, na mkono uendao kukishika kikombe ndio mthibitishaji.

Hata hivyo, hii si ruhusa ya kumpindia kila mtu maneno apendavyo. Prizimu ina masharti matatu yanayoitenga na udanganyifu: hupimwa kwa kadiri ya haja, mvaaji anajua kwamba ameivaa, na matokeo yake hujaribiwa kila siku kwa mguu na mkono. Mwalimu amwendeaye mwanafunzi mzito kwa njia anayoiweza, na hakimu atazamaye udhaifu wa mshitakiwa, hutenda haki wakitimiza masharti haya. Wakiyakosa, hubembeleza tu.

Prizimu pia ina mpaka wake. Haiponyi. Kasoro ikigeuka, kioo hupimwa upya. Na msuli uliopooza huenda ukapatana na mwenzake mbele na kuhitilafiana naye pembeni. Usiku, miwani ivuliwapo, taa hurudi kuwa mbili. Lakini mvaaji aliyezoea hataharuki tena. Anajua kwamba taa ni moja, kwamba macho yake yote mawili yanaiona kweli, na kwamba lililopungua ni mapatano tu. Wako wengi wenye macho mazima ambao hawajaufikia ujuzi huu: wakisikia neno linalotofautiana na lao, huona mwongo mbele yao, wala hawaulizi ni nini kinachoweza kuyakutanisha maneno mawili.